ThinkPad T480 ya ex-UK: betri mbili, gamba la kufunguka na matundu mawili ya kuchungwa

Kati ya vipakatalishi vya ex-UK (vilivyotumika Uingereza kwanza) vinavyouzwa Moi Avenue, Kimathi Street na Luthuli jijini Nairobi, Lenovo ThinkPad T480 ndiyo isiyojipamba. Gamba jeusi, pembe za mraba, kidude chekundu katikati ya kibodi, basi. Hata hivyo, kwa mtu anayecheza na mfumo huria wa Linux, anayepakia programu kwenye ESP32 (chipu ndogo ya kutengenezea vifaa) usiku na kuandika ripoti za ofisi mchana, hii ndiyo mashine ya mtumba ninayoipendekeza kwa moyo mkunjufu kuliko nyingine yoyote. Inafunguka kwa bisibisi moja, na inabeba betri mbili. Katika mji ambao stima hupotea bila kubisha hodi, hiyo betri ya pili si anasa.

Ila hununui T480 kwa jumla. Unanunua ile moja iliyo mbele yako, iliyofanya kazi miaka kadhaa mikononi mwa mtu usiyemjua. Mbili zilizo kwenye kaunta moja, kwa bei moja, zaweza kutofautiana kama usiku na mchana. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tathmini hii ni ukaguzi: uzuri wa mashine hii unajulikana, hali ya hiyo unayouziwa ndiyo haijulikani.

Anza na jina. Kuna T480 na kuna T480s, na muuzaji mwenye haraka huzitaja kama kitu kimoja. T480s ni nyembamba na nyepesi, lakini ina betri moja tu ya ndani, na sehemu ya RAM yake (kumbukumbu ya kazi) imechomelewa kwenye ubao. T490 iliyofuata ilikwenda njia hiyohiyo. Ukiwa umekuja kwa ajili ya betri mbili na nafasi mbili za RAM, soma maandishi yaliyo kwenye kona ya gamba, kisha geuza mashine uangalie kama kuna betri yenye vishikizo viwili kwa chini. Isipokuwepo, si hii.

T480 ilitoka 2018 ikiwa hasa na prosesa za Intel Core za kizazi cha 8: i5-8250U, i5-8350U, i7-8550U na i7-8650U. Hizi nne zote zina viini vinne. T470 iliyoitangulia ina viini viwili, na tofauti hiyo unaihisi siku ya kwanza. Kizazi cha 8 pia ndicho Windows 11 inapoanzia kukubali prosesa za Intel za vipakatalishi vya kawaida, jambo lenye uzito kwa kuwa Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Usilipe pesa nyingi zaidi kwa sababu ya jina i7. Prosesa zote nne zimewekewa kiwango kilekile cha wati 15, na kazi ikiwa ndefu joto huzileta karibu pamoja. Tofauti hiyo ya bei itumie kwenye skrini au betri.

Sasa betri, maana hapo ndipo mashine hii inapojitofautisha. Ya ndani ina wati-saa 24. Ya nje huja kwa aina tatu, na lebo yake ndiyo inayozitambulisha: 61 ina wati-saa 24, 61+ ina 48, na 61++ ina 72. Hizo kubwa hutokeza kwa chini na kuinua nyuma ya mashine kidogo, jambo ambalo wengi huishia kulipenda kwa sababu kibodi inalala kwa mteremko na hewa inapita chini. Kazi nyepesi, yaani kuandika, kusoma na kuhariri msimbo wa programu huku mwanga wa skrini ukiwa wa wastani, hula wati 6 hadi 8. Piga hesabu mwenyewe: betri mbili ndogo zikiwa mpya zinakupa saa 6 hadi 8, ukiweka 61++ unapata saa 12 hadi 16. Lakini betri za mtumba zilizobaki na asilimia 65 ya uwezo wake zina kama wati-saa 31 kwa jumla, na hizo ni karibu saa nne kwa wati 8. Muuzaji akisema "inakaa siku nzima", mwombe tarakimu.

Tarakimu zenyewe hupatikana kwa dakika moja. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Faili itahifadhiwa, na ukiifungua kwenye kivinjari utaona kila betri peke yake: uwezo iliotoka nao kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. Betri ya wati-saa 24 itaonyesha kama 24,000 kwenye safu ya kwanza. Safu ya pili ikisoma chini ya 14,000, hesabu betri mpya ndani ya bei. Kwenye Linux, amri ya upower -d inatoa habari hizo. BAT0 ni ya ndani, BAT1 ni ya nje.

Halafu fanya jaribio ambalo haliwezi kudanganywa. Mashine ikiwa imewaka, chomoa chaja. Iinue taratibu, ingiza vidole chini, fungua vishikizo viwili na uvute betri ya nje hadi itoke. Skrini isitetereke. Kielelezo cha betri kitashuka kwa sababu sasa kinahesabu ile ya ndani pekee, lakini kazi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikizimika papo hapo, betri ya ndani imekufa au imekatwa, na utakuwa unanunua nusu ya sifa ya mashine hii. Ukiwa umeishika hivyo, pitisha kiganja pale unapolaza mikono na juu ya kipadi cha kugusa. Betri ya ndani iko chini yake. Ikiwa imevimba, kipadi kinakuwa kigumu kubofya au kinainuka upande mmoja. Betri iliyovimba si ya kujadiliwa bei. Ibadilishwe mbele yako au uondoke.

Kuna faida moja ya mpangilio huu ambayo watu huichelewa kuiona. Mashine hula betri ya nje kwanza, ya ndani ikibaki kama akiba. Ukiwa na betri ya nje ya ziada kwenye begi, unaweza kubadilisha katikati ya kazi bila kuzima. Siku stima inapokwenda saa nane mchana na kurudi usiku, hilo linatosha. Kumbuka tu kwamba ruta ya faiba haina betri. Bila mini UPS ya volti 12 kwa ajili yake, utakuwa na kompyuta inayowaka na intaneti iliyokufa.

Mashine inayokaa kwenye chaja kutwa, weka kikomo cha kuchaji. Kwenye Windows kinawekwa kupitia Lenovo Vantage, programu ya Lenovo ya mipangilio na masasisho. Kwenye Linux sakinisha TLP, programu ya kusimamia umeme, kisha katika faili yake ya mipangilio weka START_CHARGE_THRESH_BAT0=75 na STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80, urudie kwa BAT1. Betri ya lithiamu inayoshikiliwa kwenye asilimia 100 huku ikipata joto huchoka upesi, na hiyo ndiyo historia ya betri nyingi za ex-UK: zilikaa mezani zikiwa zimejaa kwa miaka.

Udhaifu mkubwa wa T480 uko ubavu wa kushoto. Kuna matundu mawili ya USB-C, yote hupokea chaja, na hakuna tundu la mviringo la zamani. Matundu haya yamechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama. Mtu akijikwaa kwenye waya, nguvu yote inaishia kwenye solda. Kwa hiyo chomeka chaja kwenye tundu la kwanza, shika kichwa cha waya kwa vidole viwili, ukisukume juu na chini kidogo sana huku ukitazama alama ya kuchaji. Alama ikiwaka na kuzimika, tundu limelegea. Rudia kwenye tundu la pili. Fundi mzuri wa ubao anaweza kulibadilisha, lakini ni kazi ya hewa moto na mkono uliotulia, wala si ya kila kibanda.

Tatizo la pili la matundu hayo halionekani kwa macho. ThinkPad nyingi za 2017 hadi 2019, T480 ikiwemo, zilikuwa na hitilafu katika programu ya ndani ya kidhibiti cha Thunderbolt, kinachoendesha USB-C. Dalili ni USB-C kuacha kutoa picha, kuacha kutambua vifaa, au kuacha kuchaji kabisa. Lenovo ilitoa sasisho la kuirekebisha. Ni la kuwekwa mapema, kabla tundu halijaharibika, kwa sababu likishafikia hatua ya kufa sasisho pekee huenda lisiliokoe. Kwa hiyo hata kama nia yako ni kufuta Windows jioni hiyohiyo, fungua kwanza Lenovo Vantage, weka sasisho la Thunderbolt na la BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine), betri zote zikiwa zimejaa na chaja ikiwa imechomekwa. Baada ya hapo ndipo ufute.

Chaja yenyewe isome lebo: volti 20 na ampea 3.25, yaani wati 65. Ya wati 45 pia inafanya kazi, ila huchaji polepole ukiwa unaitumikisha mashine. Chaja ya simu inayoishia volti 5 au 9 haitaichaji. Pawabenki inayotoa volti 20 kwa USB-C itaichaji, na hiyo ni njia nyingine ya kuvuka usiku wa giza. Kwa kuwa Kenya na Uingereza zinatumia plagi ileile ya pini tatu, waya wa ex-UK unaingia ukutani bila adapta, na ndani ya plagi hiyo mna fyuzi. Usiubadilishe na waya mwembamba wa bei rahisi usio na fyuzi. Chomeka kwenye fridge guard kama unayo. Stima inaporudi, haiji kwa upole.

Kufuli ndizo huwaumiza wanunuzi wageni, kwa sababu mashine inawaka na kuonekana nzima. Ziko tatu. Ya kwanza ni nywila ya msimamizi wa BIOS. Zima, washa, bonyeza F1 mfululizo. Ukiombwa nywila ambayo muuzaji hana, iache. Kuchomoa betri ndogo ya saa hakuifuti kwenye ThinkPad. Njia rasmi ya Lenovo ni kubadilisha ubao mama. Ya pili: ukiingia bila kuulizwa, nenda sehemu ya usalama utafute kipengele cha Computrace au Absolute, ambacho kampuni hukitumia kufuatilia na kufunga mashine yake kwa mbali. Kikiwa kimezimwa, sawa. Kikionyesha kwamba kimewashwa na kinafanya kazi, kampuni ya zamani bado ina kamba shingoni mwa mashine.

Ya tatu hujificha zaidi. Kampuni nyingi husajili mashine zake kwa Microsoft, na Windows ikisakinishwa upya na kuunganishwa kwenye intaneti, inatoa jina la kampuni na kudai akaunti ya kazini. Muuzaji aliyeisakinisha bila intaneti huenda hakuiona kamwe. Kwa hiyo jaribio la kweli ni kusakinisha Windows upya huku ukiwa umewasha intaneti ya simu, au kuweka sharti kwenye risiti kwamba ikitokea hivyo mashine inarudi. Atakayeweka Linux hatakutana nayo, lakini siku ya kuiuza, atakayenunua atakutana nayo.

Njoo dukani na flashi yenye Ubuntu. Bonyeza F12 wakati wa kuwaka, uchague flashi. Ikikubali, kwa dakika kumi umepima BIOS, Wi-Fi, sauti, kamera, betri na diski bila kutegemea chochote alichosakinisha muuzaji. Andika namba ya mfululizo iliyo chini ya mashine, uilinganishe na ile ya kwenye BIOS, na uhakikishe inayofungwa kwenye mfuko ndiyo hiyo. Ukiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya Lenovo utaona ilitoka kiwandani na skrini gani na RAM kiasi gani.

Skrini ni mahali pa kutolegeza. Kuna ya pikseli 1366 kwa 768, na kuna FHD ya 1920 kwa 1080. Ile ya kwanza ukiitazama kwa pembe rangi zinageuka, na mistari ya msimbo inayoingia kwa wakati mmoja ni michache mno. Bofya kulia kwenye eneo tupu la skrini ufungue mipangilio ya onyesho. Ikisema 1366, bei ishuke au utafute nyingine. Hata FHD yake haina mwanga mkali: ndani ya nyumba inatosha, kwenye veranda ya mkahawa adhuhuri utakodoa macho.

Kibodi ni raha. Vitufe vina mwendo wa kutosha, na mtu anayeandika maneno elfu kwa siku ataelewa kwa nini wapenzi wa ThinkPad hawahami. Ila ex-UK maana yake mpangilio wa Uingereza: alama ya @ iko karibu na Enter, alama za kunukuu ziko juu ya 2, na Enter yenyewe ni ndefu ya kupinda. Chagua mpangilio wa Uingereza kwenye mfumo, au vidole vitakosea nywila kila mara. Jihadhari na kibodi zilizobandikwa stika: chini yake mara nyingi mna herufi zilizofutika, au kibodi ya Kijerumani.

Kuifungua ni kwepesi, ukifuata mpangilio. Ingia BIOS kwa F1, nenda Config, kisha Power, uchague kuzima betri ya ndani. Mashine itajizima yenyewe. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayozuia shoti unapogusa ubao wenye umeme. Toa betri ya nje. Legeza skrubu za gamba la chini. Zimeshikwa na gamba, hazidondoki wala kupotea. Pitisha kadi ya zamani ya simu au ya benki kwenye ufa, ukibandua taratibu kuzunguka. Vishikio vya plastiki vitalia. Usitumie bisibisi ya bapa, itaacha makovu na kuvunja meno. Ukimaliza na kurudisha gamba, chomeka chaja ndipo betri ya ndani iamke. Wengi hudhani wameua mashine, kumbe inangoja chaja tu.

Ndani utakuta nafasi mbili za RAM ya DDR4. Lenovo inataja kikomo cha GB 32, lakini vijiti viwili vya GB 32 vinakubalika, jumla GB 64. Muhimu kuliko ukubwa ni kuwa viwili. Maduka mengi huuza na kijiti kimoja cha GB 8, na hapo mashine inatumia nusu ya barabara: kwa kasi ya 2400, vijiti viwili hupitisha GB 38.4 kwa sekunde, kimoja GB 19.2. Michoro ya Intel UHD 620 haina kumbukumbu yake, inakopa hiyo hiyo RAM. Michezo ya PSP kwenye emuleta inaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Hata anayetaka kuendesha modeli ndogo ya lugha nyumbani anabanwa hapo: modeli ya GB 4 husomwa nzima kwa kila tokeni (kipande cha neno), hivyo dari yake ni tokeni 9 kwa sekunde ukiwa na vijiti viwili, na nusu ya hapo ukiwa na kimoja.

Diski hukaa kwenye nafasi ya inchi 2.5, ama SSD ya SATA ama NVMe iliyovalishwa adapta. Adapta na waya wake si vitu vya kukisia, kwa hiyo fungua kwanza uone ulicho nacho kabla ya kununua diski. Kuna pia nafasi ya kadi ya laini ya simu, inayochukua SSD fupi ya 2242 yenye mikato miwili. Mfumo kwenye hiyo ndogo, mafaili kwenye hiyo kubwa: kwa seva ya nyumbani ya Jellyfin (ya filamu) au Home Assistant (ya kuongoza vifaa vya nyumba) ni mpango safi, na betri zake zinakuwa UPS ya bure.

Gamba likiwa wazi, piga brashi kwenye feni na mapezi ya shaba. Vumbi la Nairobi, hasa kando ya barabara zinazojengwa, hujaza mapezi hayo kama sufi, na katika mwinuko wa karibu mita 1,800 hewa ni nyembamba kiasi kwamba feni haina cha kupoteza. Shika feni isizunguke unapopuliza. Mashine ya 2018 ambayo haijawahi kufunguliwa, pesti yake ya prosesa imekauka: safisha kwa spiriti ya asilimia 90 na zaidi, weka tone dogo kama punje ya mchele, rudisha skrubu za bomba la shaba kwa kufuata namba zilizochorwa. Kabla na baada, pima joto kwa amri ya sensors huku ukiipa kazi nzito kwa dakika kumi. Kwenye Linux, ikiwa kasi inashuka wakati joto halijapanda, tatizo ni vikomo vya umeme vinavyowekwa chini mno. Programu ndogo iitwayo throttled iliandikwa kwa ajili ya ThinkPad za kizazi hiki, nayo huvirekebisha.

Kuhusu bei, usikubali kuuziwa jina. Kinachopandisha thamani ni FHD, betri mbili zenye afya, RAM ya GB 16 kwa vijiti viwili, na matundu yote mawili ya USB-C yakiwa imara. Kinachoishusha ni i7 yenye skrini ya 1366 na betri iliyochoka, hata ikiwa imebandikwa ngozi mpya ya kung'aa. Lipa kwa M-Pesa ya duka lenyewe badala ya namba ya mtu, dai risiti ya ETR yenye namba ya mfululizo, na hakikisha dhamana imeandika neno "betri" na neno "USB-C". Dhamana nyingi za mitumba huziacha nje betri na chaja, na kwenye T480 hizo ndizo sehemu zitakazokurudisha dukani.